Chaplin Mwenye Macho ya Sridevi: Tuliyoyaona na Kuyasikia Kamwokya

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani, yaani vitabu ambavyo wanafunzi wetu hutahiniwa. Safari hii tunaomba radhi ya mhariri, kwani tunachotaka kukihakiki si kitabu, wala si kazi ya Kiswahili. Ni kipande cha dakika chache ndani ya sinema ya Kihindi iitwayo Mr. India, iliyotoka mwaka 1987 chini ya uelekezi wa Shekhar Kapur. Humo mwigizaji wa kike, Sridevi, anavaa suruali pwaya, koti, kofia nyeusi ya duara na kisharubu cha mraba, anashika kifimbo, na kugeuka Charlie Chaplin. Tulikitazama Kamwokya, mwezi Machi 2018, tukiwa na wanafunzi watano wa mwaka wa pili. Kimetufanya tubadili jambo moja katika usahihishaji wetu wa kazi za tafsiri, na hiyo ndiyo sababu ya kukileta hapa.

Msomaji asiyeijua Kampala ajue kwamba Kamwokya ni mtaa ulio chini ya kilima cha Kololo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Makumbusho ya Uganda yaliyoko barabara ya Kira. Kololo wanakaa mabalozi; Kamwokya wanakaa watu. Wengi wamelisikia jina la mtaa huu kupitia mwanamuziki Bobi Wine, ambaye studio yake ilikuwa huko. Sisi tulipelekwa na mwanafunzi wetu mkazi wa hapo, aliyetuambia kwamba kuna kibanda kitakachoonyesha sinema za Sridevi, kwa kuwa alikuwa amefariki Dubai tarehe 24 Februari. Tulikuta mabao ya kukalia, televisheni moja iliyowekwa juu sana, pazia zito mlangoni, na nje ubao mweusi ambao juu yake chaki ilikuwa imeandika jina la sinema kwa tahajia ya mwenyewe mwenye chaki. Chini yake palikuwa na ratiba ya mechi za Uingereza, kwa herufi kubwa zaidi.

Kuna jambo ambalo hatukulitilia maanani wakati huo. Kibanda kilijaa wanaume. Wanawake walikuwa wawili tu, wote wanafunzi wetu, na walikaa karibu na mlango. Mmoja wao alikuwa amevaa kofia ya kaka yake na jaketi kubwa, ilhali hapakuwa na mvua wala baridi. Tulidhani ni mtindo wa vijana.

Kisa cha sinema yenyewe si kigumu. Arun, anayeigizwa na Anil Kapoor, ni kijana maskini anayelea mayatima katika nyumba ya kupanga. Anarithi kifaa alichokibuni marehemu baba yake, ambacho kikivaliwa mkononi humfanya mtu asionekane, isipokuwa katika mwanga mwekundu. Seema, ambaye ni Sridevi, ni mwandishi wa habari aliyepanga chumba katika nyumba hiyohiyo. Jambazi mkuu ni Mogambo, anayeigizwa na Amrish Puri, mwenye kutaka kuitawala India yote kutoka katika kisiwa chake. Yaani ni hadithi ya zimwi na watoto yatima, ile tunayoijua kutoka kwa bibi zetu, ila zimwi hili lina mitambo.

Seema hujigeuza mara mbili ili aingie mahali asipotakiwa, na kwa maoni yetu uzito wa sinema nzima, kama unao, umo katika tofauti ya mara hizo mbili. Mara ya kwanza anaingia katika tafrija ya majambazi kwa kujifanya mnenguaji. Huo ndio wimbo maarufu wa Hawa Hawai, ambao hata watu wasiojua neno moja la Kihindi huucheza arusini. (Hatuwezi kuupita bila kusema kwamba wachezaji walio nyuma yake wamepakwa rangi nyeusi mwilini ili wawe kichekesho, na kwamba Kamwokya hakuna aliyecheka hapo. Palikuwa na ukimya mfupi, kisha watu wakaendelea kumtazama Sridevi.) Mara ya pili anaingia katika jumba la kamari, naye ni Chaplin. Mlango wa kwanza ulimfungukia kwa sababu macho ya wanaume yalimtaka. Wa pili unamfungukia kwa sababu hakuna anayemtaka: kijitu kifupi chenye viatu vibovu, nani amjali? Mtunzi yeyote angeweza kumvisha suruali na ndevu za kubandika akawa mwanamume wa kawaida. Kumfanya Chaplin kulikuwa ni kumchagulia mwanamume anayedharauliwa na wanaume wenziwe. Pale katikati ya wenye suti na bastola, dharau ndiyo hati yake ya kupitia.

Je, Sridevi alifanya vizuri? Tulisoma mahali pengi wakisifu kipande hiki bila kusema kwa nini, na sifa za namna hiyo hazimfai mwanafunzi wa uhakiki. Tuanze na Chaplin mwenyewe. Mzururaji wake alijitokeza kwenye skrini kwa mara ya kwanza Februari 1914, na kila kitu alichokivaa kilipingana na kingine: suruali kubwa na koti dogo, viatu vikubwa na kofia ndogo. Ni maskini mwenye adabu za tajiri. Akiokota kipande cha sigara barabarani, atakivuta kama bwana aliyemaliza kula karamu. Ucheshi wake uko miguuni na mgongoni, na kwa hiyo aghalabu aliiweka kamera mbali ili mwili wote uonekane kuanzia kofia hadi viatu. Ukimkata Chaplin kiunoni umemnyang'anya nusu ya lugha yake.

Sridevi analo jambo jingine. Miguu ameiiga sawasawa, ule mwendo wa nyayo zilizotazama pembeni, na kifimbo anakizungusha bila kukiangalia, dalili ya mtu aliyefanya mazoezi. Lakini nguvu zake ziko usoni. Alianza kuigiza akiwa mtoto mdogo katika sinema za Kitamili, akafanya kazi katika Kitelugu na Kimalayalam, na alipofika Bombay, Kihindi hakikuwa lugha yake. Katika sinema zake kadhaa za mwanzo za Kihindi sauti tunayoisikia ni ya mtu mwingine. Tunataka walimu wenzetu watulie hapo kidogo. Huyu ni mwigizaji aliyejifunza kufanya kazi katika lugha ambayo hakuwa na amani nayo, na aliyezoea kuupa uso wake maneno ambayo kinywa kilikuwa bado hakijayamudu. Anapofika kwenye Chaplin, pasipohitajika maneno, anakuwa kama mtu aliyerudi nyumbani. Macho yanatoka, yanakwepa, yanajifanya hayakuona. Kisharubu kinacheza chenyewe. Kwa hiyo kamera inamsogelea, kinyume na desturi ya Chaplin, na inafanya vyema kumsogelea. Huyu ni Chaplin wa usoni, aliyetengenezewa macho ya Sridevi, na tunamkubali kama tafsiri, ambayo si lazima iwe nakala.

Pale tunapokwaruzana na mwelekezi ni kwenye huyo mtu asiyeonekana. Arun yumo katika jumba la kamari, na majambazi wanaangushwa na ngumi ambazo hakuna anayeziona, huku Chaplin wetu akionekana kama ndiye anayewaangusha. Watoto walishangilia, na hata watu wazima. Lakini Mzururaji wa asili hushinda kwa mwili wake au hushindwa kwa mwili wake, na mara nyingi hushindwa. Mwisho wa sinema huondoka peke yake barabarani. Hapa ushindi umetoka mfukoni kwa mwanamume mwingine. Mwelekezi alikuwa na mwanamke anayeweza kulibeba jumba zima kwa nyusi mbili, na bado akaona lazima ampe msaidizi. Tunalisema hili bila kinyongo, kwa kuwa ndiyo kawaida ya sinema za aina hii, lakini kawaida haimzuii mhakiki kusema.

Wala Sridevi hakuwa wa kwanza. Mwaka 1915, Chaplin akiwa na mwaka mmoja tu katika mavazi yale, Mmarekani aitwaye Minerva Courtney alitengeneza sinema fupi ambayo hata jina lake linatangaza kwamba yeye, mwanamke, anamwigiza Charlie Chaplin. Mwaka huohuo Chaplin naye alinyoa kisharubu, akavaa gauni na kutengeneza kichekesho kilichoitwa A Woman. Gloria Swanson alimwigiza Chaplin katika Manhandled ya 1924, na akarudia katika Sunset Boulevard ya 1950, safari hii akiwa katika nafasi ya nyota wa sinema bubu aliyesahauliwa, anayemchekesha kijana anayemlisha, na kipande kile kinachekesha na kuumiza kwa pamoja. Ukiviweka vyote upande kwa upande unaona mizani haiko sawa. Chaplin alipovaa gauni, kichekesho kilikuwa wanaume wanaomtamani. Mwanamke alipovaa suruali ya Chaplin, hakuna aliyemtamani wala aliyemzuia, na kichekesho kikahamia kwenye yale anayoweza kuyafanya.

Wala tusidhani kwamba kwetu mambo haya ni mageni. Wanawake wa Mombasa katika vyama vyao vya lelemama walikuwa wakishindana kwa mavazi, na miongoni mwa mavazi hayo yalikuwamo ya kiume, hata sare za kijeshi. Na Chaplin mwenyewe alikwishatufikia kwa njia ya Bombay kabla ya Sridevi: Raj Kapoor katika Awaara ya 1951 na Shree 420 ya 1955 aliuvaa uzururaji ule, na Awaara ilijaza majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam kwa namna ambayo wazee bado wanaisimulia. Kampala pia tulikuwa na majumba, kama Norman, ambalo baadaye likawa kanisa. Vibanda vya Kamwokya ni wajukuu wa majumba hayo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, yaani sauti. Kibandani hapakuwa kimya hata dakika moja. Pembeni ya televisheni alikaa kijana mwenye kipaza sauti, msimulizi ambaye Kampala yote humwita VJ. Kazi yake ni kuifasiri sinema kwa Kiganda inapokwenda, na kuongeza yake. Aghalabu siku hizi sauti ya VJ huja ikiwa imekwisha kurekodiwa juu ya sinema, na wapo waliopata umaarufu mkubwa kwa njia hiyo, kama VJ Jingo. Huyu wetu alikuwa pale pale, akitoka jasho kama sisi. Kazi hii ina ukoo mrefu. Wajapani walikuwa na benshi, wasimulizi waliosimama kando ya skrini enzi za sinema bubu na kupendwa kuliko waigizaji. Hapa kwetu, jaribio la sinema za mafunzo lililokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, lilizungusha filamu zake Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko pamoja na maelezo kwa lugha za wenyeji. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, aliyezisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili hata watu wakawa wananunua kanda kwa ajili yake. VJ ni mfasiri, na tunadhani ni wakati idara zetu zimwite hivyo bila kuona aibu.

VJ wa Kamwokya alikuwa hodari. Jumba la kamari alilihamishia Kisenyi, majambazi akawapa majina ya vinyozi wa mtaani, na Mogambo akawa mwenye nyumba anayedai kodi. Kisha Chaplin akaingia. Hapo, kwa maoni yetu ya siku ile, akaharibu. Kabla hata kofia haijavuliwa alitamka: mukazi, mwanamke huyo! Akaendelea hivyo hadi mwisho: mwanamke ameketi, mwanamke anacheza kamari, mwanamke amewapiga. Sisi tulikunja uso. Mwanafunzi mwenye kofia ya kaka yake akatuona.

"Mwalimu, umeudhika?"

Tukamwambia kwamba VJ ameifichua siri.

"Siri gani, Mwalimu? Sote tumelipa kumwona Sridevi."

Alisema kweli, na ilitubidi tukubali. Sinema haimfichi Sridevi kwa mtazamaji hata kidogo. Wasiojua ni majambazi tu, na ucheshi wote umo katika pengo kati ya tunachokijua sisi na wasichokijua wao. Darasani tunaiita kejeli ya kidrama, tunaifundisha kwa mifano ya tamthilia, na kumbe tulipokutana nayo kibandani hatukuitambua. VJ hakuvunja siri yoyote.

Hata hivyo tulibaki na hisia kwamba kuna kitu kilichopotea, na ilituchukua siku kadhaa kukijua. VJ alipotamka "mwanamke" kila mara, alimwondoa Chaplin. Tuliona mwanamke aliyevaa suruali. Kama angetamka "Charlie" kila mara, angemwondoa Sridevi, tukaona kijitu chenye kifimbo. Kinachochekesha ni kwamba wako wote wawili, ndani ya koti moja, wakati mmoja. Mfasiri anayelazimika kuchagua anapoteza mmoja. Swali likawa: je, alilazimika?

Tulilipeleka darasani. Tulichukua kile kipande bila sauti, tukakionyesha, na kuwataka wanafunzi wakisimulie kwa aya moja, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiganda au lugha nyingine ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili. Walimu wa Uganda watajua kwa nini tulipenda sinema bubu. Wengi wa wanafunzi wetu hukifikia Kiswahili wakiwa na woga. Nyumbani wameambiwa ni lugha ya askari na ya wezi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na hilo halikukisaidia. Katiba ilipokifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005 wengi hawakuona tofauti yoyote maishani mwao, na hata uamuzi wa baraza la mawaziri wa mwaka 2022 wa kukifundisha kwa lazima shuleni umewakuta wazazi wengi na kumbukumbu zilezile. Kwa hiyo mwanafunzi akiitwa kusema hunyamaza, na akinyamaza tunadhani hajui. Picha isiyosema humpa wa kunyamaza naye.

Kwa Kiingereza ugomvi ulianza katika sentensi ya kwanza. Ni he au she? Wengine waliandika she, na msomaji akajua kila kitu kabla ya mlango kufunguliwa. Wengine waliandika he, na wakalazimika kuungama baadaye. Mmoja aliandika he hadi kofia ilipoanguka, kisha she, na aya yake ikasomeka kana kwamba mtu mmoja ametoka na mwingine ameingia. Kosa halikuwa lao. Sarufi iliwashika ukosi.

Kihindi nacho kina kamba yake. Kiwakilishi cha nafsi ya tatu hakibagui, lakini kitenzi kinabagua, tena hata katika nafsi ya kwanza: kusema "naenda", mwanamume atatumia jaata na mwanamke jaati. Kwa maana hiyo mwanamke aliyejificha ndani ya suruali, akifungua kinywa kwa Kihindi, lazima aidanganye sarufi katika karibu kila sentensi. Chaplin, mhusika asiyesema, anamwepusha na tatizo hilo lote. Hatudai kwamba watunzi waliliwaza hivyo, ila ndivyo inavyofanya kazi.

Kisha zikaja aya za Kiswahili na za Kiganda. Anaingia. Anasimama, anatazama kulia, anatazama kushoto. Anazungusha kifimbo. Anakwenda nyayo upande. Anaketi mezani pa watu wenye bastola na kuwatabasamia. Nani? Yeye. Kiambishi kile kidogo, a-, ambacho tunakifundisha wiki ya kwanza na kukisahau wiki ya pili, kinawabeba wote wawili bila kumwangusha yeyote. Kiganda ni vivyo hivyo: azze, amekuja, na hakuna anayekuuliza ni nani aliyekuja mpaka utake mwenyewe kumtaja. VJ wetu, kwa hiyo, hakulazimika. Lugha yake ilimpa nafasi ya kutochagua, naye akachagua, kwa sababu alikuwa anazungumza na ukumbi wa wanaume na alijua nini kinauzika.

Tusije tukajisifu kupita kiasi. Wapo wanaodai kwamba kwa kuwa Kiswahili hakina jinsi ya kisarufi, basi Waswahili hawabagui. La hasha. Kiambishi hakibagui, lakini subiri ifike arusi: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na Kiganda nacho kina okuwasa kwa mmoja na okufumbirwa kwa mwingine. Kitenzi kimoja tu cha ndoa kingetosha kumvua Chaplin kisharubu chake. Wito nao ni mtego: bwana, bibi, kaka, dada. Kwa Kiganda mwanamume ni ssebo na mwanamke ni nnyabo, na huwezi kumsalimia mtu kwa heshima bila kupitia mlango mmojawapo. Ila, na hapa mwanafunzi mmoja wa Kiganda alitufundisha sisi wageni, binti wa ukoo wa Kabaka huitwa ssebo. Mwanamke kamili, mbele ya watu wote, na anaitwa kama mwanamume kwa sababu ya cheo chake, wala hakuna anayecheka. Darasa likaamua kwamba VJ angemwita Sridevi ssebo angekuwa amepata. Neno moja lingewaweka wote wawili ndani ya koti, na ukumbi wote wa Kamwokya ungeelewa mara moja. Tunakubaliana nao, na tunalihesabu kuwa pendekezo bora la tafsiri lililowahi kutolewa katika darasa letu, ingawa halikuhusu Kiswahili.

Sasa ule ungamo wetu. Kwa miaka mingi tumesahihisha tafsiri kutoka Kiingereza kwa kalamu nyekundu, na kila mwanafunzi alipoandika "alisema" pale matini ya asili iliposema she, tuliandika pembeni: nani? mwanamume au mwanamke? fafanua! Tulikata alama. Wanafunzi wakajifunza kuandika "yule mwanamke alisema", "yule mwanamke akajibu", hadi aya ya Kiswahili ikawa na wanawake wengi kuliko harusi. Tuliona tunafundisha usahihi. Kumbe tulikuwa tunawafundisha waone kiambishi a- kama pengo linalohitaji kuzibwa. Ziko matini ambazo ni lazima ufafanue, kwa mfano hati ya mahakama au ripoti ya daktari. Lakini ziko nyingi ambazo msomaji anajua tayari, au hana haja ya kujua, au mwandishi hataki ajue bado. Mfasiri apewe haki ya kupima. Tumekwisha kuwaarifu wanafunzi kwamba alama hizo hatutazikata tena bila kusoma aya nzima.

Aya iliyotupendeza zaidi iliandikwa na yule mwenye kofia ya kaka yake. Alipoisoma mbele ya wenzake tulimwuliza kwa nini siku ile alivaa vile. Akasema kwamba yeye ni mkazi wa Kamwokya tangu kuzaliwa, amepita mbele ya kibanda kile kila siku akienda shule na kurudi, na hakuwahi kuingia. Msichana akiingia, watu husema. Ndiye aliyetupeleka, bila sisi asingeingia, na hata akiwa nasi aliona heri achukue kofia.

Aya yake ilikuwa na sentensi kumi na nne. Yote iko katika a-. Hakutaja jina, hakutaja jinsi, wala hakusema kama anayesimuliwa ni mtu wa kwenye skrini au wa kwenye benchi karibu na mlango. Anaingia, anatafuta pa kukaa, anaishusha kofia, anacheka. Tulimpa alama nane kati ya kumi. Moja aliipoteza kwenye tahajia. Nyingine aliipoteza kwa kuandika "kisharubu ilitikisika", kosa la ngeli ambalo tumelisahihisha tangu muhula wa kwanza na tunatarajia kuendelea kulisahihisha muhula ujao.